Michungwa Miwili, Mlango Mmoja

Wakati wa korona duka langu la mabegi pale Dengfeng, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, lilifungwa, na ndege za kurudi Tanzania hazikuwepo. Nikahamia chumba cha bei nafuu ng'ambo ya mto, upande wa vitalu vya maua. Nikipanda basi, watu waliniachia kiti changu na cha jirani, wakihofia Mwafrika ana korona. Nilijinyoosha kama mheshimiwa, lakini moyo ulikuwa unaniuma.

Kitalu kilicho karibu nami kilikuwa cha mama mmoja Mchina, mjane, mtu wa maneno machache. Aliuza michungwa midogo ya vyungu, ile ambayo watu wa Guangzhou huiweka mlangoni mwaka wao mpya unapoingia, mmoja kulia, mmoja kushoto. Haiuzwi mmoja mmoja. Safari hii soko la sikukuu lilifutwa, wafanyakazi wake wakakwama kwao Hunan, na miti ikabaki na matunda yake bila mnunuzi. Mimi nilisimama getini kwa sababu ya harufu ya udongo uliolowa, ilinikumbusha Mbeya. Mama akanitazama, akanipa mpira wa maji, akaendelea na shughuli zake.

Kesho yake nilirudi, na siku zilizofuata pia. Sikulipwa, wala sikudai. Nilimwagilia, nikaokota matunda yaliyoanguka, nikatafuta miti inayolingana kimo na kuiweka jozi jozi. Mchana alinivutia kigoda chekundu cha plastiki na kunijazia bakuli la wali na mboga. "Chi, pengyou," alisema. Kula, rafiki. Mji mzima ule, ni yeye peke yake aliyeniita jina lolote.

Siku moja akaniwekea simu mbele, programu ya kutafsiri ikanieleza. Serikali ilikuwa inatoa fedha za kuwanusuru wakulima na wenye vitalu waliopata hasara. Akizikosa, anafunga kitalu. Na akifunga, nilijiuliza, mimi nitakula na nani? Basi nikaanza kuziombea fedha za serikali isiyonijua. Nikampigia simu mama mmoja wa Lubumbashi, mfanyabiashara mwenzangu tuliyekuwa tukisali naye, aniunge mkono.

"Dada, unaombea maua ya Bachina?" akacheka. "Bon, tuombe tu."

Ofisa wa mtaa alipokuja kukagua, mama alinishika mkono akanipeleka nyuma ya magunia ya mbolea. Sikuwa mfanyakazi wake kwa karatasi yoyote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilionekana kutoka mbali. Nilichuchumaa pale na inzi usoni, nikamsihi Mungu kwa Kinyakyusa ili anisikie vizuri. Baadaye nikamsikia ofisa akicheka na mama, nikajua mambo yamekaa sawa.

Fedha zikaja. Sharti lake lilikuwa kwamba awarudishe wafanyakazi wake, naye akawarudisha, mume na mke, watu wazuri wasio na kosa lolote. Nilipofika asubuhi mpira wa maji ulikuwa mkononi mwa mume, na mke amekaa kwenye kigoda changu. Niliumia, siwezi kudanganya. Mungu alikuwa amenijibu kile kile nilichomwomba.

Mama aliniona nimesimama. Akaenda kuniletea mchungwa, akarudi kufuata wa pili. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba mmoja unanitosha, chumba changu ni cha kugeukia tu.

"Bu xing," akakataa, akaninyooshea vidole viwili.

Niliipandisha ngazi mmoja baada ya mwingine, huku nikihema na kulalamika peke yangu. Korido yetu ni nyembamba, vyungu viwili vingeziba njia na mwenye nyumba angefoka. Nikaweka mmoja nje na mwingine ndani. Lakini kila nilipofunga mlango, jozi ilivunjika. Basi nikawa nauacha wazi mchana kutwa, nimekaa kitandani natazama korido. Nilijiambia ni kwa ajili ya miti.