Kioo Kilichowakana Wenzake

Watu wa Misiera, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walipomuuliza Venuste anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba anachunguza jinsi umeme unavyopita ndani ya vitu yabisi. Wakafurahi, wakamletea redio zao mbovu. Naye, pamoja na shahada yake ya fizikia kutoka Bukavu, akazitengeneza.

Wiki nzima alikuwa Mbarara kwenye maabara ya chuo, akipaka vioo vidogo utando mwembamba wa madini na kuupitishia umeme. Ijumaa alirudi Nakivale kwa mkewe, Perpétue. Safari moja alibeba kioo kimoja mfukoni, maana hakuiamini droo ya maabara. Jumatatu alipokipima, kilipitisha umeme kuwazidi wenzake wote kwa mbali.

Hapo akili ikamvurugika. Alitengeneza vingine kwa madini yaleyale na moto uleule. Vyote vikagoma. Akarudia kile cha kwanza, kikapitisha. Akabadilisha nyaya, akailaumu mashine, akajilaumu mwenyewe. Tuseme ukweli, alianza kuogopa.

Mkuu wa maabara, Dakta Kyomuhendo, hakuwa mtu wa kuremba maneno. "Venuste, kioo moja si fizikia. Kama wiki kesho haijirudii, mashini napatia mwenzako Twinomujuni."

Bila mashine ile, Venuste alikuwa fundi redio tu. Alirudi kambini amenywea. Alimkuta Perpétue akitoa mbegu za maharage kwenye kopo la majivu, mahali zinapohifadhiwa zisiguswe na wadudu wala unyevu.

"Baba Eugénie, leo haukuleta kioo ya kubika?"

"Kubika wapi?"

"Si ile ingine niliibika humu, mu majivu. Ulisema isipate maji."

Venuste alimtazama mkewe, akalitazama kopo. Alitaka kumgombeza, akataka kumkumbatia, akashindwa kuchagua. Akauliza ni majivu ya kuni gani.

"Haiko ya kuni. Ni maganda ya ndizi. Nachomaka ya kulainisha maharage."

Akarudi Mbarara na mfuko wa majivu, akavizika humo vioo vipya. Mwisho wa wiki akavipima mbele ya Dakta Kyomuhendo. Cha kwanza kikapitisha. Cha pili kikapitisha. Cha tatu kikagoma kabisa, na cha nne kikavipita vyote.

"Umeweka nini?"

"Majivu ya jikoni kwangu, Dakta."

Dakta hakucheka. Aliinama akaisoma mashine tena.

"Sasa hii ya tatu, kwa nini inakataa?"

Venuste alikichukua kile cha tatu, akakigeuzageuza. Aliona mashine ikimponyoka.

"Sijui, Dakta."

Dakta Kyomuhendo akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Hata mimi sijui. Twinomujuni atangojea. Bibi yako achome maganda ingine."