Sanduku Lililolaliwa na Mbwa

Sijawahi kushindwa na doa, na nasema hivyo bila kuona haya. Nilizaliwa katika nyumba ya muuza nyama, pale Mjini, mtaa wa Waislamu wa Meru, na tangu nilipoweza kuinua ndoo kazi yangu ilikuwa kufua makoti meupe ya baba. Damu haitaki maji ya moto; ukiipa moto inaganda kwenye uzi na hutaitoa tena. Mafuta yanataka jivu. Kutu inataka limau na jua kali, na jua la Meru mwezi wa saba, mlima ukishauvaa ukungu, ni la kuviziwa. Wanawake wa mtaani waliniletea leso zao zilizoharibika, na mara nyingi niliwacheka kwanza ndipo nikawasaidia.

Kwa hiyo kaka yangu aliposhuka kutoka Timau na lile sanduku, mimi sikuona tatizo. Mama ndiye aliyeliona.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ya vita vya Mau Mau. Kutoka mjini kulitaka pasi, jioni milango ilifungwa mapema, na kijana aliyesimama vibaya njiani aliweza kupakiwa kwenye lori asionekane tena mwaka mzima. Mama alikuwa ameshikwa na tabia moja. Kaka akitoka, hata kama ni kwenda msikitini tu, mama alisimama langoni mpaka amwone akirudi. Chai ikapoa, mboga zikaungua, yeye yuko langoni. Baba akimwambia aketi, alijibu kwamba miguu ni yake.

Kaka alikuwa kijana mzima mwenye ndevu, na pasi yake ilikuwa ya kwenda kumnunulia baba kondoo kwenye mashamba ya ngano huko juu. Lakini kondoo hawakuwa moyoni mwake. Moyoni alikuwa na gita la stima, alilonunua kwa mpigaji mmoja wa Isiolo aliyeacha muziki akarudi kwa ngamia wa babake. Gita la namna hiyo bila mashine ya kukuza sauti ni kama inzi ndani ya chupa. Kaka alilipiga hivyo hivyo, sikio likiwa juu ya mbao, na sisi tukamwonea huruma.

Sasa kule Timau kulikuwa na Wazungu waliokuwa wakihama, na kijana wao alikuwa na mashine ya gita ambayo hakuitaka tena. Ilikuwa imekaa stoo, katikati ya magunia ya ngano, na mbwa wa shamba walikuwa wameifanya kitanda. Kaka aliomba, akaambiwa achukue. Akaipandisha kwenye lori pamoja na kondoo, nao kondoo wakaikojolea njia nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliona waya na vitaa vya kioo ndani, wakadhani ni redio ya kuzungumza na watu wa msituni. Mmoja alikuwa ameshalichana sanduku ubavuni kwa singe kabla ya mwenzake kusema kwamba alishaona chombo kama hicho Nanyuki, ni cha muziki tu. Kaka alitusimulia hayo akicheka. Mama hakucheka.

Alilizunguka lile sanduku hapo uani. Lilikuwa kubwa kama kasha la nguo, limevikwa kitambaa kinene cha rangi ya majani makavu, chenye mistari ya kulala. Akainama, akanusa.

"Hii imelaliwa na nini?"

"Imekaa tu stoo, mama," kaka akasema.

"Nimekuuliza imelaliwa na nini."

Mama alichomoa unywele mmoja kutoka kwenye kitambaa, mfupi, mweupe, mgumu. Kaka akakubali yaishe.

"Basi hii kitu haivuki hapa," mama akasema, akaonyesha kizingiti kwa mguu. "Muziki ni wako na Mola wako. Lakini mbwa ni ya nyumba yote. Nitaswali wapi?"

Wenye dini yetu wanajua, na wasiojua nitawaambia: kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kaka alijua vizuri kabisa. Alichosema ni kwamba kitu ya stima ukiimwagia maji inakufa. Mama akajibu kwamba basi ife, tena ifie nje.

Hapo ndipo kaka alipotamka neno ambalo sote tuliliogopa.

"Sawa. Nitaenda nayo Nairobi. Kuna bendi huko, na hawaulizi mambo ya mbwa."

Nairobi ya wakati ule haikuwa mahali pa kwenda kupiga gita. Watu wa pande zetu, Wameru, Waembu, na Wakikuyu zaidi, walizolewa barabarani kama takataka. Askari hakuuliza unaswali wapi. Alitazama kitambulisho chako, kile kipande, kimeandikwa wilaya gani. Mama aliishika nguzo ya mlango. Nilimwona uso ukimshuka, na nikaogopa kuliko siku yoyote ya miaka hiyo.

Nikasema, "Niachieni mimi. Nitaliosha, na halitakufa."

Kaka alinitazama, kisha akatuambia alichokuwa akikificha. Mwenye hoteli ya chai pale chini ya msikiti, aliyekuwa na jenereta, alikuwa ameshapata ruhusa ya Boma, ofisi ya serikali, kupigisha muziki Jumamosi mchana, uishe kabla watu hawajafukuzwa barabarani. Alimtaka kaka, siku hiyo na kila Jumamosi, kwa mshahara. Sharti lake lilikuwa moja: mashine iwe safi, maana wateja wake hawatakula chapati karibu na sanduku linalonuka mbwa. Jumamosi ikipita bila kaka, angemchukua mpiga akordioni wa Embu ambaye alishamtumia salamu. Ilikuwa Jumanne.

Kaka alichukua bisibisi akatoa matumbo yote ya ile mashine: spika, vitaa, waya. Mama aliyakagua akatoa hukumu: "Hizi za ndani mbwa hakuramba. Ingiza." Basi matumbo yakalala ndani juu ya mkeka, na ngozi ikabaki nje na mimi.

Nilianza kwa kupiga burashi kavu, nikatoa nywele za kutosha kumfuma mbwa mwingine. Kisha nikachota udongo shambani nyuma ya nyumba, nikaukoroga ukawa kama uji, nikaupaka sanduku zima kwa ukarimu wote. Jinsi nilivyojiamini! Mama alikuwa kwenye kigoda akihesabu kwa sauti, kana kwamba mimi sijui saba. Tulipomaliza maji ya mwisho, nilisimama kando nikangoja sifa zangu.

Kila aliyewahi kutembea Meru wakati wa mvua anajua udongo wetu. Ni mwekundu, na ukipanda kwenye nguo umehamia. Mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote, nilishaufua kwenye kanzu za mtaa mzima, lakini siku ile mawazo yangu yote yalikuwa kwa mbwa. Kitambaa kilikuwa kimelewa ule wekundu kwa mabaka, hapa sana, pale kidogo. Sanduku lilikuwa safi mbele ya Mungu na aibu mbele ya watu.

Na hiyo haikuwa yote. Maji yalikuwa yameamsha gundi. Pembeni kitambaa kilianza kubanduka, kikijikunja polepole kama ganda la nduma iliyoiva. Kaka alirudi kutoka buchani akaona, akaketi chini kabisa, juu ya maji. "Umeniua, dada," akasema, wala hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mimi sikulia. Nilipeleka pua kwenye ile gundi iliyolainika, na nikaijua. Ilikuwa harufu ya kwato na vipande vya ngozi vinavyochemshwa, harufu niliyokua nayo nyuma ya bucha. Nikacheka kwa sauti. "Kumbe ni hii tu? Wameigandisha kwa gundi ya ngozi! Hii naweza kuipika mwenyewe."

Kutoka kwenye kigoda mama akauliza, taratibu:

"Ngozi ya nini?"

Tulitazamana sote watatu. Sanduku lilitoka kwa Wazungu. Ngozi ile ingeweza kuwa ya ng'ombe, na ingeweza kuwa ya mnyama ambaye nyumbani kwetu hata jina lake halikutajwa wakati wa kula. Kaka aliinama akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani mama sasa atasema sanduku lichomwe, na mimi nilikuwa tayari kugombana naye, jambo nisilolizoea.

Mama akainuka, akajifunga leso vizuri kiunoni. "Bandua yote," akaniambia. "Kwangua mpaka mbao. Mimi naenda kwa baba yenu kuchukua kwato."

Siku iliyofuata tulikuwa watu wawili kazini. Mimi nilibandua kile kitambaa kizima, nikakwangua mbao kwa kisu na maji ya jivu mpaka zikabaki nyeupe, nikaosha tena mara saba bila kuambiwa. Mama aliketi jikoni na sufuria kubwa, akichemsha kwato na kano za ng'ombe aliyechinjwa na mumewe mwenyewe kwa bismillahi. Alikoroga kutwa. Majirani walipita wakiziba pua, wakauliza tunapika nini, naye akawajibu kwamba ni supu ya harusi, karibuni. Sikuwa nimemsikia akifanya mzaha tangu vizuizi vianze barabarani.

Kuhusu yale mabaka, niliamua peke yangu. Doa likikataa kutoka, kuna njia moja tu: lisiwe doa tena. Nilichekecha udongo ule ule kwa kitambaa cha kuchujia chai, nikajaza karai, nikazamisha kile kitambaa chote. Nilikigeuza na kukikanda mpaka uzi wote ukakolea sawa, ukawa na rangi ya barabara ya kwenda Kaaga baada ya manyunyu. Mtu asiyejua angesema kilifumwa hivyo.

Alhamisi tulikigandisha, kingali na unyevu, kwa gundi ya mama iliyovuta uzi kati ya vidole. Palihitajika kitu kizito cha kukandamiza, nami nikachukua mawe yote ya mizani ya baba. Ijumaa asubuhi baba aliuza nyama kwa kukisia, na wateja hawakulalamika, kwa hiyo naamini alikisia kwa ukarimu. Kitambaa kilipokauka kilijivuta kikawa kimekaza kama ngoma. Nikakisugulia nta ya nyuki kutoka upande wa Mbeere ili udongo usimshike mtu mkono. Harufu ya mbwa ilikuwa imekwisha, ya kondoo imekwisha. Lilinukia asali.

Ulibaki ule mpasuko wa singe ubavuni. Nilitaka kuufunika kwa kiraka, lakini mama aliniondoa. Yeye alikuwa mfumaji wa kofia, na mtaa mzima ulizijua kazi zake. Alichukua sindano yake nyembamba na uzi mweupe, akaufunga ule mpasuko kwa mshono wa kofia, nyota kwa nyota, kutoka juu hadi chini. Alifanya polepole, akishona mahali ambapo chuma cha askari kilipita sentimita chache tu kutoka kwenye magoti ya mwanawe. Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa, nami nikayapangusa kabla hayajaacha alama.

Jumamosi kaka alirudisha matumbo yake mahali pake. Mama akamwambia aliingize sanduku ndani kwanza, livuke kizingiti, ndipo alitoe tena. Akavuka nalo. Kisha akalibeba begani kwenda hotelini, na mama akaenda kusimama langoni kama kawaida yake.

Sisi wanawake hatukwenda hotelini. Nilikuwa uani nikifua koti la baba, nikisugua mahali pamoja tu, maana niliapa haitakufa na sikuwa na hakika. Tulisikia jenereta ikikohoa kule chini. Kisha kimya kirefu. Kisha gita la kaka likapanda juu ya mabati ya maduka, juu ya msikiti, likafika kwetu wazi kabisa, kila uzi na sauti yake.

Mama hakusogea. Alisikiliza wimbo mzima, mkono kwenye nguzo ya lango, halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu sana. Alilifunga lango, akarudi, akavuta kigoda, akaketi. Alimimina chai akainywa ingali moto.

Gita liliponyamaza kati ya wimbo na wimbo, kikombe kilisimama hewani. Likaanza tena, akanywa.

Baadaye jenereta ililegea kidogo, na sauti ikafifia. Mama akanigeukia.

"Toka hapo kwa karai," akasema. "Kimbia ukasimame hapo nje ya hoteli, mwite mtu amwambie aongeze sauti."

Nikajifuta mikono, nikaenda.