Uyoga wa Baharini

Sisi tuliokulia Gitega kabla ya simu, bahari tuliijua kwa kalenda. Ilining'inia juu ya cherehani ya baba, mwaka wake ulishapita zamani, lakini nani angeitupa? Picha yake ilikuwa ya tumbawe laini: shina nene, kofia pana, na juu yake vinyweleo tele. Mama Furaha, jirani yetu mfanyabiashara kutoka Uvira, aliitazama akasema, "Hii iko uyoga. Inataka mawese tu." Basi tukala maharage na ndagala, vile visamaki vya ziwani, huku tukiwaza utamu wake.

Baba alijifunzia ushonaji Tanga, akatukatalia. Si uyoga, alisema, wala si jiwe. Ni wanyama wadogo wengi wenye mwili mmoja. Wakiguswa wanajifunga, hatari ikipita wanafunguka.

Vita vilipofika, maneno hayo yakawa ya nyumbani. Risasi zikilia, baba anasema, "Jifungeni," nasi tunajikunja chini ya kitanda, magoti kidevuni. Kukitulia anasema, "Fungukeni." Mara moja mdogo wangu Zaina alichoka kungoja, akapaza sauti, "Jifungueni!" Mama alikuwa mjamzito. Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu hapo baba akapiga marufuku: neno la kutoka ni lake peke yake.

Kisha tukapelekwa Muyinga kwa bibi. Baba alibaki kumalizia sare za wanafunzi wa shule ya Mushasha, akasema atatufuata. Muyinga tuliteka maji, tuliruka kamba, tulicheza mpira wa majani ya migomba, na bibi alituchapa tukichelewa kutoka sokoni. Kila lori la kutoka upande wa Gitega tulilikimbilia. Baba hakushuka. Watu wakaacha kusema atakuja, na mwishowe wakaja kutupa pole. Iliniuma, na bado inauma.

Vijana wa leo chaji ikiisha wanasema wamekufa. Sisi tulikuwa na kalenda moja, tena imebaki Gitega. Juzi mwanangu alimwonyesha mama tumbawe kama lile kwenye video ya simu. Samaki akaligusa, likanywea. Baadaye, taratibu, likatoa vinyweleo vyake tena. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akatazama mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi na Zaina, na mvi zetu.

"Fungukeni," akasema.

Mwanangu akacheka, akasema bibi anaongea na simu.