Kisima Kilicholowekwa Mihogo

Nakumbuka siku ile ya kiangazi kule Kibondo, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na baba yako asisikie.

Nilikuwa msichana mkubwa, nikikaa kwa baba mdogo Leonidasi. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ya kabichi na nyanya, ndiyo iliyotulisha, na kando yake kisima kifupi alichokichimba mwenyewe. Bomba lilipofika mtaani kwetu, usingemtambua! Akanunua mpira mrefu, akawa anamwagilia huku anapiga mluzi, majirani wakimtazama. Ya kisimani akayaita maji ya washamba.

Sasa sisi Waha, ukituonyesha shimo lenye maji, haliwezi kukaa bure. Mihogo michungu lazima ilowekwe siku kadhaa ndipo ianikwe na kusagwa, na wanawake walikuwa wakibeba mizigo hadi mtoni. Baba mdogo akamwambia mkewe, "Mtoni mnafuata nini? Lowekeni humo kisimani." Wakaloweka yetu, wakaloweka na ya jirani. Sisi wote tulifurahi kupunguziwa safari.

Kiangazi kikakolea, bomba likakauka. Ukifungua koki unatoka upepo tu. Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga, na majani yakalegea. Baba mdogo alivumilia, akashindwa. Asubuhi moja akaniambia, "Mihogo imeshatolewa, maji si yamo? Chota umwagilie."

Nikachota ndoo ya kwanza. Jua lilikuwa kali, koo limenikauka, nikajaza kopo ninywe. Maji yalinuka mihogo, lakini harufu hiyo sisi tumezaliwa nayo, nani angeiogopa?

Kopo lilikuwa limefika mdomoni nilipopigwa mkono, likaruka huko. Kugeuka, ni shangazi Skolastika, dada mkubwa wa baba yangu na baba mdogo, ametoka Kitanga kutusalimia na hata mzigo hajautua.

"Yewe! Mwana wanje, mwanangu, unakunywa sumu?"

"Ni maji tu, shangazi," nikasema kwa hasira, maana mkono uliniuma kweli.

Yeye alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye ndoo. Mbuzi wetu jike, mwenye mimba, alikuwa ametumbukiza kichwa humo anakunywa kwa pupa. Tukamfukuza. Akaenda kidogo akiyumba, akaanguka, miguu inapiga ardhi, mdomo wazi unatafuta hewa. Tukapiga kelele. Kabla mtu hajatoka ndani, amekufa. Amekufa, mwanangu, kwa maji niliyokuwa nimeyafikisha mdomoni!

Sikulia. Nilijipangusa midomo kwa kanga, nikapangusa tena, hadi ikachubuka.

Baba mdogo akatoka na mswaki mdomoni. Akamtazama mbuzi, akalitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akakaa chini kwenye tope la ndoo iliyomwagika. Shangazi hakumwonea huruma.

"Leonidasi, hiki kisima kilikukosea nini hata ukijaze sumu ya mihogo? Bomba lilipokuja ungekifunika tu kikusubiri. Mtoto wa kaka yako angekufa, ungemwambia nini baba yake?"

Kabichi zikakauka sote tukizitazama, maji yapo palepale na hakuna wa kuyagusa. Mwaka ule tulikula mboga za kuomba.

Sasa wewe jana umenipigia simu kutoka Kasulu, umevutiwa bomba, na kisima cha bustani unataka kukigeuza shimo la taka. Nilishtuka hadi chai ikanimwagikia. Sikukatazi bomba. Maji yake kunyweni, pikieni. Lakini bustani inyweshe ya kisima, hata wakati bomba linatoka kwa nguvu, maana kisima unachokichota kila siku utakijua kikibadilika. Kijengee mdomo, kifunike. Asifulie mtu hapo, usitupe kitu humo. Mihogo itafutie pipa lake, na maji yake yamwage mbali, mifugo isiyafikie, wala wajukuu zangu.

Mungu akujalie bomba lisilokatika, mwanangu. Na likikatika, akukute una kisima ambacho mtoto wako anaweza kukiinamia na kopo lake, nawe ukamwangalia tu, umetulia, mpaka amalize kunywa.