Baba Hali Chakula cha Mama Tangu Siku ya Mlolongo

Mhariri, ukichapisha naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu. Sema tu ni upande wa Otonglo, huku watu ni wengi. Wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu kwenye shule ya bweni karibu na Maseno. Mimi si mtu wa kusema. Darasani hata nikijua jibu nangoja mwingine alitoe. Lakini hili limenichosha, na sijamwambia mtu, hata Mama ambaye tuko naye ndani ya jambo lenyewe: ule uongo ambao mimi na yeye tunampa Baba kwenye sahani kila siku, Baba anaujua.

Nianzie shuleni. Muhula uliopita tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika, jimbo linaitwa Ohio. Alisema kwao pia kuna ziwa kubwa, na watu wa jimbo zima hupiga kura kuchagua gavana, mwanasheria mkuu, mweka hazina, mpaka mkaguzi wa hesabu. Darasa likacheka. "Mwalimu, kwani mkaguzi naye anaomba kura? Anaimbiwa?" Akasema ndiyo, anaomba, ingawa haimbiwi sana. Halafu akasema baba yake na mama yake hawajawahi kuulizana wanamchagua nani. Kila mtu anaingia nyuma ya pazia, anaweka alama yake, wanarudi nyumbani kula pamoja.

Likizo ilipofika nilimsimulia Mama tukichambua omena, dagaa wa ziwa letu, za kwenda kuuza sokoni.

"Na bwana hajui?" akauliza.

"Hajui, Mama."

"Na akiuliza?"

"Anaweza kunyamaza tu."

Mama akacheka. "Hao wanawake wana raha." Tukaendelea na omena. Nilidhani yameishia hapo.

Ikaja siku ya uteuzi wa wagombea wa chama. Mlolongo mnaujua: unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, mchana kweupe, unahesabiwa kichwa. Pazia hakuna. Baba alikuwa mbele kabisa kwa binamu yake aliyetaka udiwani, na ndiye aliyewakusanya watu wote wa ukoo. Mama alikuwa kwenye mstari huohuo, huko nyuma na wanawake. Kabla hesabu haijaanza nikamwona anatoka. Akafunga kitambaa chake vizuri, akavuka uwanja peke yake, akasimama nyuma ya picha ya mwalimu mstaafu, yule aliyewatetea akina mama wachuuzi walipokaribia kufukuzwa kando ya barabara. Mtu akapaza sauti, "Mzee, bibi amehama!" Watu wakacheka mpaka askari akawanyamazisha.

Binamu alishindwa. Jioni alikuja kwetu, hata kiti alikataa. "Ndugu yangu," akamwambia Baba, "nyumba yako ina milolongo miwili, na wewe ndiye ulikuwa unatupangia sisi mmoja?" Akaenda zake. Baba akamgeukia Mama, na Mama akasema polepole, "Nimechagua diwani. Bwana nilishachagua."

Tangu hapo Baba hajagusa chakula cha Mama. Kwetu mwanaume akikataa chakula cha mke wake, hajakataa ugali, amekataa mkono ulioupika. Kwanza alikula kwa ndugu yake. Akachoka huko, akasema, "Nitakula cha mama yangu." Mama yake ni mimi, kwa sababu nina jina la nyanya aliyemzaa. Sasa mimi ugali wangu una madonge, kila mtu anajua. Mama akaniambia, "Wewe beba tu." Basi yeye anapika, mimi nabeba, namnawisha Baba mikono, na yeye anasifu. "Mama yangu, unajua kupika." Mama anasikia akiwa jikoni. Mwanzoni alikuwa anaziba mdomo kwa leso asicheke. Siku hizi hacheki, anasugua sufuria ambayo imeshatakata.

Juzi Baba alikuwa anakula samaki. Akasema bila kuniangalia, "Ni mzuri, lakini mwambie apunguze chumvi." Mwambie! Kisha mkono ukasimama juu ya sahani. Mimi nikatazama chini. Nikasema, "Sawa, Baba." Akamaliza samaki wote, akabakiza mifupa.

Shule inafunguliwa wiki ijayo. Baba ametangaza kwamba nikienda ataleta mtu wa kumpikia, na huku kwetu hakuna asiyejua kwamba mtu huyo huwa ni mke wa pili. Shangazi ameshaanza kutafuta. Mama ananiambia, "Nenda usome, mimi nitajua," lakini amekonda, na usiku namsikia anageuka-geuka. Nikibaki, masomo yamekwisha. Nikimwambia Mama kwamba Baba anajua anachokula, naogopa atakasirika aache kupika kabisa. Nikimwambia Baba, nitakuwa nimemvua nguo mzee wangu, na yeye huniita mama. Wakubwa wawili wanapitishia ugomvi wao mikononi mwangu, na mikono imechoka. Nyinyi mlio wazazi, mtoto angewaambia vipi mkamsikia? Nianze na nani? Nisaidieni.

Naandika nikiwa jikoni, na kila nikisikia mtu naifunika karatasi hii kwa kitabu cha jiografia. Sasa nasikia viatu vya Baba vinakuja huku nyuma, na yeye si mtu wa kuja jikoni. Mama amesikia pia. Ameacha kusonga ugali, ananinyooshea mwiko niushike mimi, ananikonyeza niharakishe. Viatu vimefika mlangoni. Karatasi siifuniki, na mwiko sijaupokea.