Kiatu Kilichopasuliwa Mkutanoni

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kuuza viatu vya shule mtaa mmoja na duka la viatu vya kuagizwa. Kule dukani viatu vimening'inia mlangoni kama vichane vya ndizi, vinang'aa, havihitaji msemaji. Kiatu kizuri ndicho kinachohangaika kujieleza, kikiulizwa kila siku kwa nini kinajifanya ghali.

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, fundi wa viatu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kipimo ameinamia meza iliyochimbika katikati kwa miaka ishirini na mitatu ya nyundo. Amebana kiatu cheusi cha mtoto kati ya magoti, soli juu. Anatoboa tundu kwa sindano nene yenye mpini, anapitisha uzi uliopakwa nta kutoka pande zote mbili, anavuta mpaka mishipa ya mkono inasimama. Tundu jingine. Soli ya mtoto wa darasa la tatu ina matundu sitini na manne. Hahesabu, vidole vinajua.

Chumba chake kina urefu wa hatua sita. Ukuta mmoja umejaa miguu ya mbao, ile ambayo juu yake kiatu huundwa, imepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Dirishani, binti wa mdogo wake anashona ngozi kwa cherehani. Karibu na mlango amekaa shemeji yake, kaka wa mumewe, mshonaji mwenye maneno mengi kuliko mishono.

Leo Mama Kipimo ana mpaka saa kumi jioni kutia saini barua. Ni barua ya mistari minne ya kumwomba radhi mwenye duka la viatu vya kuagizwa. Akiitia saini, shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara itamwagiza jozi mia moja na thelathini. Asipoitia, jozi zote mia mbili na sitini zitatoka dukani.

Jina la Kipimo halikuja bure. Hamuuzii mtu kiatu kipya bila mguu kuwapo. Mzazi akifika na namba mdomoni, huambiwa namba haina vidole, akamlete mwenye vidole. Mtoto husimamishwa peku juu ya karatasi ya kaki na kuzungushiwa penseli, mguu mmoja kisha wa pili, kwa sababu, kwa maneno ya fundi, kulia na kushoto ni ndugu lakini si pacha. Halafu huongezwa upana wa kidole gumba, wa kukulia. Na kipimo ni alasiri, hata mzazi alie.

"Asubuhi mguu bado umelala," anasema. "Ukiupima umelala, mchana ukiamka kiatu kinabana, na mbaya ni mimi."

Kazi aliirithi kwa baba yake, na kosa lake kubwa kuliko yote alilifanya akiwa na miaka kumi na tisa. Baba alisafiri, akamwachia ngozi nzima na kielelezo cha boksi cha kukatia. Binti akataka kumshangaza mzee. Akaweka kielelezo, akakata, akaweka tena, akakata, vipande ishirini safi bila doa, na hata mara moja hakukumbuka kukigeuza. Vyote vikawa vya mguu wa kushoto.

Mzee aliporudi hakugomba. Alivitazama, akauliza kama kuna shule imefunguliwa ya watoto wenye mguu mmoja. Kisha akamwambia atafute kwa jasho lake ngozi ya miguu ya kulia iliyobaki. Ilimchukua miezi minne ya kushona mikanda na kamba za mbwa.

Tangu hapo haamini kitu mpaka akigeuze. Ukimletea kiatu cha kukarabati, hukupa stuli, hukuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu kisu kimeshapita kwenye mshono wa soli. Hawezi kutaja bei ya kitu ambacho hajakiona tumbo. Wateja wake wamezoea. Tatizo ni kwamba mkono huo huo aliuingiza kwenye mkutano wa wazazi.

Ilikuwa wiki tatu zilizopita, darasani, wazazi wamejikunja kwenye madawati ya watoto wao. Shule ilitaka wanafunzi wapate viatu vya aina moja kutoka kwa muuzaji mmoja. Mwenye duka, mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alisimama akaeleza bei yake, kisha akazungusha kiatu cha mfano kipite mkono kwa mkono. Kila mzazi alikipapasa na kukisifu, mpaka kikamfikia Mama Kipimo, aliyealikwa naye kama muuzaji.

"Mtu umempa fisi mfupa halafu unamwambia aunuse tu," anasema shemeji, ambaye hakuwapo lakini anasimulia kuliko waliokuwapo.

Alikikunja, akakinusa, akabonyeza kisigino. Waliokaa naye wanasema hata uso wake haukubadilika. Kisu kinachoishi mfukoni mwa aproni kilikuwa kimeshaingia, na kabla mwenyekiti wa kamati ya shule hajasema "jamani", soli ilikuwa mkono mmoja na kiatu mkono wa pili. Kutoka ndani ya kisigino yakadondoka matabaka ya boksi, moja likiwa bado na picha ya biskuti. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama mtoto akishikwa na njaa darasani ataruhusiwa kula kisigino. Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichozaa barua.

Mwenye duka hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kiatu kile si cha huyu mama, ni chake. Na hapo alikuwa na haki. Mama Kipimo halikatai hilo. Kesho yake alimpelekea jozi mpya aliyoishona mwenyewe, namba ile ile. Mwenye duka aliipokea, akashukuru, akasema bado anasubiri radhi kwa maandishi. Kamati, ili kuwapatanisha, ikaamua kuligawa agizo nusu kwa nusu, mradi fundi aombe radhi.

Ukimkuta dukani kwake, hazungumzi kama mtu mbaya. Anasema alidhalilishwa mbele ya wateja, na kwamba boksi ndani ya kisigino ni jambo la kawaida kwa kiatu cha bei ile. Kisha anasema neno moja lililomchoma fundi kuliko matusi.

"Mzazi mwenye watoto watano hawezi kuwavisha sifa za ngozi. Mimi nimewavisha watoto waliokuwa wanakwenda shule peku. Yeye amewavisha wangapi?"

Mama Kipimo alipofikishiwa swali hilo alifuta mikono kwenye aproni. "Hapo kanipata," akasema.

Hesabu zinamsaidia mwenye duka. Bei ya jozi moja ya Mama Kipimo hununua jozi mbili na nusu za kuagizwa. Miaka mitano iliyopita karakana hii ilikuwa na watu sita na ilitoa jozi thelathini kwa wiki. Sasa wamebaki watatu na jozi kumi na moja. Kinachobaki mkononi mwake kila mwezi, baada ya kodi ya chumba, ngozi na ujira wa wenzake, ni pungufu kidogo ya mshahara wa mlinzi wa lile duka. Anajua kwa sababu mlinzi ni jirani yake na hana siri.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Mama mmoja mwenye mtoto wa darasa la nne alinunua jozi nne za dukani mwaka jana, na ya nne ilifunguka mdomo kabla ya mitihani. Mtoto wa jirani yake alimaliza miaka miwili na jozi moja ya Mama Kipimo, akaiacha kwa sababu mguu ulikua, kiatu kikiwa bado kina nguvu zake.

Hicho kiatu kilichoachwa kikiwa hai ndicho kilichompa jibu. Siku chache baada ya mkutano alipigilia rafu mlangoni na kutangaza kwamba anapokea viatu vyake vya zamani vilivyowabana watoto. Mzazi akirudisha, anapunguziwa robo ya bei ya jozi mpya. Kile cha zamani kinatiwa soli, bitana na kamba mpya, kisha kinauzwa chini ya bei ya dukani. Mpaka Ijumaa hii zimetoka jozi kumi na tisa, na hizo anaziuza hata asubuhi, mradi mtoto azijaribu mbele yake.

"Swali lake lilikuwa zuri," anasema. "Nimelijibu kwa rafu. Yeye langu la boksi hajalijibu."

Karibu saa nne anaingia mama mmoja na mtoto wa kike. Anainua jozi mpya, anauliza bei, anaishusha taratibu kama aliyeshika yai.

"Dada, hiyo bei ya kiatu au ya ng'ombe mzima?"

"Ya ng'ombe mzima ningekupa na maziwa," anajibu Mama Kipimo bila kuinua kichwa.

Mama anacheka kwa kujilazimisha. Anakwenda kwenye rafu, anachagua jozi iliyotiwa soli mpya, anaikunja vile alivyosikia kilikunjwa kile cha mkutanoni. Anauliza kama ndani kuna biskuti. Shemeji anamwambia zimeisha, aje kesho. Mtoto anavaa, anatembea hadi mlangoni na kurudi, fundi anabonyeza ncha ya kiatu kutafuta kidole. Kinatosha, na nafasi ya kukulia ipo. Mama analipa na kuondoka na mtoto aliyekataa kuvua.

Kadiri saa zinavyosogea, binti dirishani anazidi kukosea mshono. Mwishowe anazima cherehani. Jozi mia moja na thelathini ni kazi ya miezi mitatu, anamkumbusha mama yake mkubwa. Washonaji wawili walioachishwa wangerudi. Yeye mwenyewe angeacha kuhesabu siku za juma ambazo hakuna cha kushona.

"Mama mkubwa, maneno hayavunji mfupa. Tia saini tu, yaishe."

Mama Kipimo hamkemei. Anamwambia anajua, na kwamba kama ingekuwa ni tumbo lake peke yake, lisingemsumbua. Lakini ana mpango, na mpango hauna barua ndani yake. Agizo la shule halimkatazi mzazi kununua kwingine. Tangu kile kiatu kipasuke, watoto sabini na mmoja wameshasimama kwenye karatasi yake ya kaki, mmoja mmoja, wakishikwa mkono na wazazi waliokuwa kwenye madawati yale. Muhula ukifunguliwa atamrudisha mshonaji mmoja. Rafu ikiendelea kutoka hivi, mwakani atamrudisha wa pili.

Saa tisa na nusu mwenyekiti wa kamati anabisha hodi, bahasha mkononi, kalamu tayari vidoleni. Ni mtu ambaye fundi anamheshimu. Watoto wake watatu wamekulia kwenye viatu vya chumba hiki. Anakaribishwa stuli. Anasema amejitahidi kuilainisha barua kadiri alivyoweza.

Mama Kipimo anaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Wa kwanza unasema anajutia kitendo chake. Wa pili unasema alichowaonyesha wazazi hakikuwa kweli. Wa tatu unasema viatu vile ni imara. Wa nne ni nafasi ya jina lake.

Anamuuliza mwenyekiti kama siku ile aliliona boksi. Mwenyekiti anakohoa, anakiri aliliona. Anamuuliza tena ni nani basi aandike kwamba halikuwapo. Mwenyekiti anageukia ukuta wa miguu ya mbao kana kwamba jibu lingetoka huko, kisha anajaribu njia nyingine. Tuifute mistari miwili ya katikati, anasema, ubaki ule wa kwanza tu. Neno moja dogo, dada yangu, kwa ajili ya hawa ulio nao humu ndani.

Binti ameinamisha kichwa. Mama Kipimo anaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, anairudisha ndani ya bahasha na kumkabidhi mwenye nayo kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, nilipasua kiatu cha mtu, nikamlipa kiatu. Kilichokuwa ndani sikukiweka mimi. Mwambie siombi radhi, leo wala kesho."