Pumzi ya Aliye Nyuma

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya dhikiri, Shehe wetu pale Kasongo, mashariki ya Kongo, alinitoa kwenye duara mbele ya wanawake wote. Nilikuwa binti mwenye sauti nzuri, na kiburi changu kilizidi hiyo sauti. Nilijua uradi wote, yaani yale majina ya Mungu ambayo mwalimu humpa mwanafunzi ayarudie maisha yake yote: mwanamume kwa kushikana naye mkono, mwanamke kwa kushika ncha ya kilemba cha mwalimu. Nilidhani kujua kunatosha.

“Weye unakimbia,” aliniambia. “Mama wa mwisho pale iko anatafuta pumzi. Hapa tunaenda na mutu wa nyuma.”

Nikapelekwa kwa mkewe, Mama Nakibu, msimamizi wa wanawake. Yeye hakunipa kitabu, alinipa mchi. Tulitwanga mpunga watatu katika kinu kimoja, na mmoja wetu alikuwa na pumu. Mchi ukishuka, Jina linashuka nao kimoyomoyo. Ukiharakisha, michi inagongana na kila mtu anajua ni nani. Wangu uligongana na ya wenzangu mpaka nikaona haya. Mikono ilielewa kabla ya kichwa, ndipo Mama Nakibu akanikabidhi wanafunzi wapya.

Baadaye Shehe alinituma Kabambare nikafungue duara la wanawake. Nililia njia nzima. Kibangubangu, lugha ya huko, sikukijua, na wenyeji walinicheka nilivyojaribu. Walikuja jioni wakiwa hoi kwa kulima pamba ya lazima ya serikali, wengine wakasinzia katikati ya dhikiri. Sikuwaamsha. Waliobaki macho walipunguza sauti, tukaendelea polepole. Niliwapenda sana wanawake wale.

Kisha bwana administrateri, Mbelgiji aliyetawala wilaya, akapiga marufuku mikutano yetu. Watu waliokaa pamoja wakivuta pumzi walimtia wasiwasi. Shehe akapakiwa kwenye kamyo, akahamishiwa mbali, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa kukaa naye. Mama Nakibu alituletea neno moja tu: kila mmoja arudi kwenye kinu. Wanaume walitawanyika, wakaacha mmoja mmoja. Sisi, nani angetukataza kutwanga? Polisi alipita, akaomba mchele, tukampa, akaenda zake ameridhika. Lakini hofu haikunitoka. Niliogopa Shehe arudi akute duara limekufa.

Alirudi Wabelgiji wakiwa karibu kuondoka. Nilisafiri mpaka Kasongo na wanawake wangu, nimejaa majigambo ya kumwonyesha kwamba duara lipo. Nilimkuta uani, amekonda, tasbihi imelala mapajani. Aliponiona alianza uradi, akafika jina la tatu, akasimama. Akaanza tena, akasimama palepale.

“Imenipotea, mwanangu,” akasema. “Kule sikukuwa na mutu wa kunishikilia.”

Majigambo yote yaliniisha. Mama Nakibu aligeuza uso. Mimi niliomba kinu, nikakiweka mbele ya Shehe, nikafungua ncha ya kikwembe nilichojifunga nikamnyooshea. Akaishika. Tukaanza kutwanga. Alipokwama, tulikwama naye, michi ikiwa juu, hakuna aliyemtangulia. Midomo yake ikatafuta, ikapata, nasi tukashusha. Tulikwenda hivyo mpaka mpunga ukawa mweupe na uradi ukaisha. Shehe alilia, na mimi nililia kuliko yeye.

Mnaonisoma leo mnaniuliza kama mtu hawezi kujifunza dhikiri peke yake nyumbani. Kujifunza anaweza. Kilichonipa taabu miaka yote ni kuibeba, na sijamwona aliyeibeba peke yake akafika nayo. Yule aliyetufundisha sote hakuweza.

Mimi nimestaafu, mabega hayataki tena mchi. Nakaa kwenye mkeka karibu na kinu, wasichana niliowafundisha wanatwanga. Pumzi yangu siku hizi ni fupi, kuna majina yananikawilia. Hawasemi kitu, na mimi najifanya sioni. Lakini nasikia michi inavyosimama hewani, na najua wananingoja.